Kutoka Ugonjwa hadi Ulezi: Historia ya Elimu ya Okidi na Kuvu za Mizizini, na Maana Yake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, wataalamu wa mimea wa Ulaya waliona nyuzi za kuvu ndani ya mizizi ya okidi bila kukubaliana waziite nini. Aliyeziita ugonjwa alitafuta madhara, na aliyeziita mlezi alitafuta chakula. Makala haya yanafuatilia historia hiyo tangu hesabu za Charles Darwin za mwaka 1862, ugunduzi wa Noël Bernard wa mwaka 1899, majaribio ya Lewis Knudson ya mwaka 1922, hadi vipimo vya kaboni vya mwaka 2006. Kisha yanaiweka historia hiyo kando ya suala la uchimbaji wa viazi vya okidi katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania na biashara yake na Zambia. Hoja kuu ni kwamba jina linalopewa uhusiano wa viumbe viwili huamua ni nini kitakachotafutwa, kitakachopimwa na kitakachohifadhiwa. Kwa kuwa msamiati wa Kiswahili kuhusu kuvu umeelemea upande wa uozo na maradhi, lugha ya uhifadhi inamtaja mbia mmoja na kumsahau mwingine. Makala yanapendekeza namna ya kuliziba pengo hilo.

1.0 Utangulizi

Mbegu ya okidi ni miongoni mwa mbegu ndogo kabisa katika ulimwengu wa mimea. Kwa macho matupu inaonekana kama vumbi, na upepo huibeba kama vumbi. Mbegu ya mahindi au ya maharage hufungwa pamoja na akiba ya chakula itakayoulisha mche hadi utakapotoa jani la kwanza. Mbegu ya okidi haina akiba ya namna hiyo. Ndani ya ganda lake jembamba kuna kiinitete cha seli chache tu, kisicho na mzizi wala jani. Kikianguka mahali ambapo hapana kuvu inayofaa, hufa bila kuota. Kikikutana na kuvu hiyo, nyuzi zake hupenya ndani ya seli na kujikunja humo kama mafundo ya uzi. Kiinitete huyameng'enya mafundo hayo kidogo kidogo na kupata sukari na madini. Hivyo huvimba na kuwa kijitonge chenye vinyweleo, na huweza kuishi chini ya udongo kwa miezi, na kwa spishi nyingine kwa miaka, kabla ya kuliona jua.

Leo maelezo hayo yanapatikana katika kitabu chochote cha kiada cha elimumimea cha chuo kikuu. Hata hivyo, yalichukua muda mrefu kukubalika, na kilichoyachelewesha si uhaba wa darubini peke yake. Nyuzi zenyewe zilionekana mapema, ila hapakuwa na neno la kuzieleza bila kuzihukumu. Kwa sababu hiyo, historia hii ni ya sayansi na vilevile ni ya istilahi, na inawahusu wanaisimu na watunga sera wa lugha kama inavyowahusu wanabiolojia.

2.0 Hesabu ya Darwin na swali lililobaki

Mwaka 1862 Charles Darwin alichapisha kitabu kuhusu namna okidi zinavyochavushwa na wadudu. Ndani yake aliweka hesabu ya mbegu. Tunda moja la okidi aliyoijua kwa jina la Orchis maculata lilikuwa na mbegu 6,200 hivi, na mmea mmoja wenye matunda 30 ungetoa mbegu zaidi ya 186,000. Darwin alipiga hesabu hiyo mbele kwa vizazi vichache. Akaona kwamba kama mbegu zote zingeota na kukua, vitukuu vya mmea mmoja vingetosha kukaribia kuifunika nchi kavu yote ya dunia kwa zulia moja la kijani. Hali halisi ilikuwa kinyume chake, kwani okidi nyingi zilikuwa mimea adimu.

Ni kitu gani kilichozizuia mbegu hizo? Katika kitabu chake Darwin hakuwa na jibu. Faraghani alikuwa na dhana, na katika barua kwa rafiki yake Joseph Hooker, mwanzoni mwa miaka ya 1860, alieleza kwamba aliamini miche ya okidi huishi utotoni kama vimelea juu ya viumbe wasiotoa maua. Alikiri kuwa hakuwa na ushahidi wowote. Dhana hiyo ilikaribia ukweli kwa namna ya kushangaza, lakini inafaa kutazama neno alilolichagua. Katika msamiati wa wakati ule, kiumbe kilichoishi ndani ya kingine kilikuwa na jina moja tu, kimelea. Kwa hiyo suala lilikuwa nani anamla nani. Uwezekano wa viumbe wawili kulishana haukuwa na jina.

Nyuzi zenyewe zilikuwa zimekwisha kuonekana. Mwanabotania Reissek wa Vienna alizieleza mwaka 1847, na mwaka 1886 Wahrlich alichapisha uchunguzi wa mizizi ya mamia ya spishi za okidi akieleza kwamba kuvu zimo katika yote. Mtu angetarajia kwamba kitu kinachopatikana katika kila mmea wenye afya kisingeitwa ugonjwa. Hata hivyo, wengi waliendelea kukiita hivyo.

3.0 Bwana, mtumwa na mnyonyeshaji: ushindani wa tamathali

Mageuzi ya msamiati yalianzia nje ya okidi, kwa kiumbe ambacho Kiswahili kimekipa jina sahihi kuliko lugha nyingi: kuvumwani. Mwishoni mwa miaka ya 1860, Mswisi Simon Schwendener alidai kwamba ule ukoga wa kijivu au wa manjano unaoota juu ya mawe na magome si mmea mmoja. Alisema ni viumbe wawili, kuvu na mwani, wanaoishi kama kitu kimoja. Ili kuieleza hoja hiyo mpya aliazima picha kutoka katika maisha ya watu. Kuvu ilikuwa bwana, na mwani walikuwa watumwa waliozingirwa na kulazimishwa kufanya kazi. Picha hiyo iliwaudhi wataalamu wengi wa kuvumwani, na upinzani dhidi ya nadharia yenyewe ukawa mkali.

Waliofuata walitafuta lugha isiyo na hukumu. Mwaka 1877 Mjerumani Albert Bernhard Frank alipendekeza neno la jumla la kueleza hali ya viumbe tofauti kuishi pamoja, bila kuamua kwanza nani ananufaika. Mwaka 1878, katika mhadhara mjini Kassel, Heinrich Anton de Bary alilieneza wazo hilo kwa neno ambalo dunia imelipokea kama simbiosi, kutokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya kuishi pamoja. Fasili ya de Bary ilikuwa pana, nayo ilijumuisha maelewano yenye faida kwa pande zote pamoja na ukimelea unaoua. Upana huo ulikuwa wa makusudi, kwa kuwa ulimruhusu mtafiti kukitaja kitu kabla ya kukihukumu.

Frank mwenyewe aliupeleka mjadala mizizini. Alikuwa ameagizwa na serikali ya Prussia kuchunguza uwezekano wa kulima uyoga wa thamani unaoota chini ya ardhi karibu na mizizi ya miti. Uyoga huo hakufanikiwa kuulima, lakini aligundua kwamba ncha za mizizi ya miti mingi ya misituni zimevikwa kuvu kama kidole kilichovishwa glavu. Mwaka 1885 aliuita muungano huo mikoriza, jina alilolijenga kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, kuvu na mzizi. Alidai pia kwamba kuvu hiyo huulisha mti, na tamathali aliyoitumia ilikuwa ya mwanamke anayenyonyesha mtoto asiye wake. Ndani ya miaka kumi na mitano hivi kuvu ilikuwa imehama kutoka kwa bwana wa watumwa hadi kwa mama wa kunyonyesha. Wapinzani, miongoni mwao Robert Hartig, bingwa wa magonjwa ya miti, hawakushawishika. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kuona kuvu zikiua misitu, kuvu yenye kulea ilikuwa kinyume cha mambo.

4.0 Noël Bernard: ugonjwa usioponywa

Aliyeunganisha hoja hizi na swali la Darwin alikuwa kijana wa Kifaransa, Noël Bernard, aliyezaliwa mwaka 1874. Mwezi Mei 1899, akiwa katika utumishi wa jeshi karibu na msitu wa Fontainebleau, alikuta shina la okidi ya Neottia nidus-avis, aina isiyo na ukijani, likiwa limefunikwa na majani makavu pamoja na matunda yake. Mbegu zilikuwa zimeota humo humo ndani ya matunda. Alipozichunguza kwa darubini, miche yote ilikuwa na kuvu. Mwezi huo huo taarifa yake fupi iliwasilishwa katika Chuo cha Sayansi cha Paris, na ndani yake alitoa rai kwamba kuota kwa mbegu za okidi kunaitegemea kuvu.

Rai si ushahidi, na miaka iliyofuata Bernard aliitafutia ushahidi. Mbinu alizozitumia zilikuwa za shule ya Pasteur: vyombo vilivyosafishwa kwa moto, mbegu zisizo na vijidudu, na kuvu iliyotengwa peke yake. Kufikia mwaka 1903 aliweza kuonyesha kwamba mbegu zilizowekwa peke yake katika chupa safi zilivimba kidogo na kukoma, ilhali zilizowekewa kuvu iliyotolewa katika mizizi ya okidi ziliota na kuwa miche. Wafugaji wa okidi wa Ulaya walikuwa wakinyunyiza mbegu juu ya udongo wa chungu cha mmea mama na kuomba bahati. Sasa sababu ya bahati hiyo ilijulikana, nayo ni kwamba udongo huo ulikuwa na kuvu.

Namna Bernard alivyoyafasiri matokeo yake ina mafunzo zaidi. Kwa kuwa mbinu zake zilikuwa za wataalamu wa maradhi, na msamiati wake ulikuwa wa huko huko. Alizungumzia ukali wa kuvu, kudhoofika kwa ukali huo kuvu inapokuzwa muda mrefu nje ya mmea, na kinga ya kiinitete. Aliona matokeo ya aina tatu. Kuna mbegu zilizoiua kuvu zikakoma kukua, kuna mbegu zilizouawa na kuvu, na kuna chache zilizofikia mizani kati ya hali hizo mbili. Mizani hiyo tu ndiyo ilizaa okidi. Kwa Bernard, basi, uhusiano huu ulikuwa ugonjwa ambao mmea unaishi nao maisha yake yote bila kupona, na ambao bila huo hauzaliwi. Hakuufanya urafiki, wala hakuuita vita.

Katika kazi zake za mwisho alionyesha jambo jingine linalogusa moja kwa moja sehemu ya mwisho ya makala haya. Okidi nyingi za ardhini huwa na viazi chini ya udongo. Bernard aligundua kwamba tishu za viazi hivyo hutoa dutu inayozuia kuvu kukua. Mizizi huikaribisha kuvu na kiazi huifungia mlango. Mmea una chumba cha mgeni na chumba cha ghala, na kuvu haivuki kizingiti cha ghala. Bernard alifariki Januari 1911 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 36. Wakati huo huo Mjerumani Hans Burgeff, aliyekuwa amechapisha kitabu chake kuhusu kuvu za mizizi ya okidi mwaka 1909, aliendeleza utafiti huo kwa miongo kadhaa.

5.0 Sukari ndani ya chupa: kusahauliwa kwa kuvu

Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha matokeo yaliyobadilisha biashara ya okidi duniani. Alizipanda mbegu katika chupa safi juu ya ute wenye madini na sukari bila kuvu yoyote, nazo zikaota. Knudson alidai kwamba Bernard aliipa kuvu sifa kupita kiasi, na kwamba kinachohitajika ni sukari. Palizuka ubishi mrefu kati ya wafuasi wa pande hizo mbili.

Tukitazama nyuma, wote wawili walikuwa sahihi, kila mmoja mahali pake. Chupani mbegu inahitaji sukari, na haijali imetoka wapi. Porini hakuna mtu wa kumwaga sukari, na anayeileta ni kuvu. Lakini matokeo ya Knudson yalikuwa rahisi kuuzika. Okidi zilianza kuzalishwa kwa wingi, bei zikashuka kadiri miaka ilivyopita, na ua lililokuwa la matajiri likaingia katika maduka ya kawaida. Kwa wenye bustani, kuvu ilitoka katika mazungumzo kwa kuwa haikuwa na kazi tena. Hapa kuna kisa cha elimu kurudi nyuma huku teknolojia ikisonga mbele. Mafanikio ya maabara yalijenga fikra kwamba okidi ni mmea unaojitosheleza, na kwamba kuihifadhi ni kuhifadhi ua na mbegu.

6.0 Nani anamlipa nani?

Swali la faida lilirudi baada ya upatikanaji wa kaboni yenye mnururisho, ambayo mwendo wake ndani ya viumbe unaweza kufuatiliwa. Katika miaka ya 1960, majaribio ya Sarah Smith yalithibitisha kwamba sukari husafiri kutoka kwa kuvu kwenda kwa mche wa okidi. Majaribio ya kutafuta malipo, yaani sukari inayorudi kutoka kwa mmea mkubwa kwenda kwa kuvu, hayakufaulu kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo vitabu vingi vilibadili jina tena, na safari hii okidi ndiyo iliyoitwa kimelea na kuvu ikawa mhanga.

Mwaka 2006 Cameron, Leake na Read walichapisha vipimo vilivyofanywa kwa okidi ya kijani Goodyera repens katika mazingira yaliyokaribia yale ya asili. Walionyesha kwamba mmea mkubwa huipa kuvu kaboni, na kuvu huipa okidi naitrojeni. Deni la utotoni, angalau kwa spishi hiyo, hulipwa ukubwani. Kuna okidi nyingine, hasa zisizo na ukijani kama ile ya Fontainebleau, ambazo huendelea kulishwa maisha yao yote. Hitimisho la wataalamu wa leo ni kwamba hakuna jina moja linalofaa kwa okidi zote, wala kwa umri wote wa okidi moja. Fasili pana ya de Bary, iliyoanza kwa kutohukumu, imeonekana kuwa na busara kuliko tamathali zote zilizoifuata.

7.0 Kitulo, Makete na njia ya Zambia

Mpaka hapa historia imekuwa ya Ulaya na Marekani, kwa kuwa huko ndiko maabara zilikokuwa. Lakini athari ya kuisahau kuvu inaonekana wazi katika Afrika ya Mashariki na Kati, ambako okidi ni chakula na kipato.

Nchini Zambia viazi vya okidi za ardhini, hasa za jenasi Disa, Satyrium na Habenaria, hutwangwa na kuchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa hadi kuganda kama mkate laini unaokatwa vipande. Chakula hicho huitwa chikanda. Awali kilikuwa cha vijijini kaskazini mwa nchi hiyo. Kukua kwa miji kulikifanya kitafutwe sokoni, na viazi vya Zambia yenyewe vilipopungua, wafanyabiashara waligeukia ng'ambo ya mpaka. Utafiti wa Davenport na Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2 na milioni 4 hivi vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kwenda Zambia kila mwaka.

Kitovu cha wasiwasi kilikuwa uwanda wa Kitulo, ulioko takribani mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Uwanda huo una aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini, na mwaka 2005 ulitangazwa rasmi kuwa Hifadhi ya Taifa. Aidha, okidi zote zinalindwa na mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na Tanzania na Zambia zote ni wanachama.

Wachimbaji si watu wenye tamaa ya utajiri. Tafiti zilizofanywa wilayani Makete katika miaka ya 2000, wakati wilaya hiyo ilipokuwa imeelemewa na UKIMWI, zilionyesha kuwa uchimbaji ulikuwa kimbilio la kaya zilizoathirika, wakiwamo wanawake waliofiwa na waume na watoto yatima. Kwao marufuku isiyo na maelezo ni mlango mwingine uliofungwa. Kwa hiyo swali la sera ni ugumu wa marufuku pamoja na ubora wa maelezo yanayoandamana nayo.

Maelezo hayo hayawezi kukamilika bila kuvu. Okidi za namna hii kwa kawaida huwa na viazi viwili, kimoja kikuukuu kinachosinyaa baada ya kuulisha mmea wa mwaka huu, na kingine kigumu kilichowekwa kwa ajili ya mwaka ujao. Sokoni kinachotakiwa ni kile kigumu. Kukichukua ni kuuondoa mmea wa mwaka ujao. Mtu anaweza kujibu kwamba mbegu zipo kwa maelfu na zitaziba nafasi. Jibu la historia iliyosimuliwa hapo juu ni kwamba wingi wa mbegu si hoja, kama Darwin alivyokwisha kuona. Mbegu huota pale tu kuvu inayofaa ilipo, na udongo uliopinduliwa kwa jembe, uliolimwa au uliogeuzwa shamba la viazi mviringo si lazima ubaki na kuvu ile ile. Kadhalika, mradi wa kulima okidi za chakula ili kupunguza uchimbaji porini hauwezi kuanzia kwenye mbegu na mbolea peke yake. Unahitaji ama kuvu ya Bernard au chupa ya Knudson, na njia hizo mbili zina gharama tofauti sana kwa mkulima.

8.0 Kiswahili na mbia aliyesahauliwa

Afisa ugani anayetaka kuyaeleza haya kijijini atatumia Kiswahili, na hapo atakutana na tatizo alilokutana nalo Hartig. Neno kuvu katika matumizi ya kila siku linaandamana na uozo, kwani mkate ukiota kuvu hutupwa. Neno ukungu linaelekea huko huko. Neno fangasi, lililoenea kupitia zahanati na matangazo ya dawa, limekuwa jina la maradhi ya ngozi na kucha. Uyoga peke yake una heshima, lakini uyoga ni kile kinachoonekana juu ya ardhi na kuingia chunguni. Hakuna anayefikiria nyuzi zilizouzaa. Kumwambia mkulima kwamba okidi inahitaji fangasi ni kumwambia kwamba mtoto anahitaji ukurutu.

Lugha yenyewe, hata hivyo, ina hazina ya kutosha. Neno kimelea limetokana na kitenzi kumea katika hali ya kutendea, kumelea, yaani kuota juu ya kitu au mahali fulani. Asili yake haina lawama, na madhara yaliongezwa na matumizi. Kitenzi kunyonya kinavutia zaidi. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, unyonyaji umekuwa jina la dhuluma ya kiuchumi, na aliyenyonya aliitwa kupe. Lakini kunyonya ni pia tendo la kwanza la mtoto kwa mama yake. Kitenzi kimoja kinabeba dhuluma na malezi, na muktadha ndio unaoamua. Huo ndio utata ambao sayansi ya okidi ilihangaika nao tangu Frank hadi mwaka 2006. Msemaji wa Kiswahili anao tayari ulimini.

Kwa msingi huo, mapendekezo manne yanatolewa kwa mabaraza ya lugha na wizara zinazohusika.

Kwanza, dhana ya jumla ya viumbe kuishi pamoja itajwe kwa neno lisilo na hukumu, iwe ni kuishi pamoja au simbiosi. Isifasiriwe kama ushirika au urafiki, kwa kuwa tafsiri hizo huondoa ukimelea uliomo ndani ya fasili ya awali. Chini ya mwavuli huo yawekwe maneno mahususi: ubia pale pande zote zinapotia mtaji na kupata faida, ukimelea pale upande mmoja unapodhurika, na ulezi kwa hatua ambapo kuvu huilisha mbegu kabla mmea haujaweza kulipa.

Pili, muungano wa kuvu na mzizi upewe jina la kuvumzizi, kwa kufuata mfano wa kuvumwani. Istilahi mikoriza inaweza kubaki katika maandishi ya kitaalamu, lakini haimwambii kitu asiyeijua. Kuvumzizi hujieleza, na muundo wake ni ule ule alioutumia Frank kwa Kiyunani.

Tatu, miongozo ya uhifadhi, mabango ya hifadhi na mafunzo ya ugani yataje okidi pamoja na udongo na kuvumzizi wake, ili sababu ya kutochimba iwe sehemu ya katazo lenyewe. Katika kazi hiyo majina ya okidi na ya uyoga katika Kiwanji, Kikinga, Kinyakyusa na Kisafwa yakusanywe, kwani wanaoishi na mimea hii huenda wana tofauti za maana ambazo kamusi za Kiswahili hazijazisajili.

Nne, Kiswahili kilipokubaliwa mwaka 2019 kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, Tanzania na Zambia zilipata chombo cha pamoja. Biashara ya mpakani Tunduma na Nakonde inaendeshwa kwa sehemu kubwa kwa lugha za wafanyabiashara wenyewe, na Kiswahili ni mojawapo. Makubaliano kuhusu chikanda yanayoandikwa kwa lugha isiyosomwa na mchimbaji wala mchuuzi yatabaki katika makabati ya ofisi.

9.0 Hitimisho

Historia ya okidi na kuvu inaonyesha kwamba kuona hakutoshi. Reissek aliona, Wahrlich aliona, na mamia ya watunza bustani walikuwa na kuvu hizo katika vyungu vyao. Kilichokosekana ni neno lililowaruhusu waulize swali sahihi. Neno hilo lilipopatikana, Bernard alihitaji miaka michache tu kulithibitisha. Kisha urahisi wa sukari ukalifunika tena kwa vizazi kadhaa.

Kiswahili kinaingia katika mjadala huu kikiwa kimechelewa, na kuchelewa huko kuna faida yake. Hakilazimiki kupitia bwana na mtumwa, wala ugonjwa na mhanga. Kinaweza kuanza na yale yaliyokwisha kujulikana, kwa maneno ambayo wazungumzaji wake tayari wanayaelewa. Huko Kitulo sheria inalilinda ua linaloonekana. Lililobaki ni lugha kumtaja asiyeonekana, kwa maana asipotajwa, hakuna bajeti itakayomhesabu wala mchimbaji atakayejua kwamba yupo.